Mtamba Ndani ya Injini

Ngozi aliyoniletea Joakimu ilikuwa ya dume. Nilikuwa nimemwachia mtamba, jike ambaye hajazaa, amtunze. Alisimama mlangoni kwangu Katesh, kofia ya pikipiki ameibana kwapani, akaniangalia usoni bila kupepesa.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Nini hicho?"

"Mtamba wako. Fisi. Alivunja zizi alfajiri."

"Kichwa kiko wapi?"

"Alianzia hukohuko kichwani. Fisi hana adabu, dada, si unamjua."

Kwetu, mtu akikuwekea ng'ombe zizini mwako, maziwa ni yako, ndama ni wa mwenyewe. Mnyama akifa, unampelekea mwenye mali ngozi ili ajue kwamba kweli amekufa, hakuuzwa. Joakimu aliifuata desturi hiyo vizuri, ila aliinunua ngozi machinjioni kwa haraka, akaangalia rangi tu. Alipoondoka niliitandaza uani. Nimesoma chuo cha ualimu, lakini utoto wangu wote ulikuwa kwenye ng'ombe, na ngozi ya tumbo la dume ninaijua hata ikiwa imekauka.

Sikumwambia mtu. Hasira yangu haichemki. Hutulia chini kama mashapo ya chai, na nikitikiswa kidogo hupanda juu.

Joakimu ni mtoto wa baba yangu mdogo. Alizaliwa Maretadu, baba yake akanywa pombe mpaka shamba likaisha, ndipo yeye akaletwa kwetu Basotu kuchunga ng'ombe wa baba yangu. Aliwachunga mpaka akaota ndevu. Baba alipofariki, kaka zangu waligawana mifugo. Joakimu hakupewa hata mbuzi, kwa sababu hakuwa mtoto wa nyumba ile. Mimi nilipata ng'ombe jike mmoja, na kwa kuwa nyumba ya mwalimu haina zizi, nilimweka kwa Joakimu. Hakuwa na mwingine. Yule ambaye si wake ndiye alikuwa ng'ombe wake wa pekee, na mtamba alikuwa ndama wa kwanza wa ng'ombe huyo.

Mtu asiyeelewa atasema ni maziwa tu. Lakini mwanamume anayeachiwa mnyama wa mwenzake, hapa kwetu, ana neno lake kwenye kikao. Watu wakijenga, humwita. Wakiozesha, humwita. Joakimu, pamoja na mdomo wake mchafu, alikuwa mtu wa kuachiwa ng'ombe, na hakuwa na kitu kingine cha kujivunia duniani.

Kingine alichokuwa nacho ni pikipiki. Anaendesha bodaboda kati ya Basotu na vijiji vya pembeni. Hajawahi kumwacha abiria kwenye tope, hilo kila mtu atakuambia. Pia watakuambia kwamba ukilalamikia nauli atakujibu, "Tembea basi, miguu ni bure."

Kila mwaka ngano ikishavunwa, waendesha bodaboda wa pande zetu hushindana kwenye shamba lililobaki mabua. Wote wanatumia pikipiki za aina moja, hizihizi tunazopanda kila siku, kama zilivyotoka dukani. Lakini nani atafungua kila injini kuhakikisha? Basi mzee Tomaso, mwenyekiti wa mashindano, aliweka sheria aliyoitoa kwenye ng'ombe, maana wafugaji tumezoea kubadilishana mnyama kwa mnyama. Yeyote aliyemaliza mbio anaweza kumdai mshindi wabadilishane injini, palepale uwanjani. Kwenye pikipiki hizi giaboksi imo tumboni mwa injini. Kwa hiyo ukiweka gia za gharama, ujue zinaweza kuondoka na mwenzako. Anayekataa kubadilishana si mshindi.

Niliposikia sheria hiyo mara ya kwanza niliipenda. Ilikuwa inamfanya mwenye pesa aone aibu ya kuzimwaga.

Haikumzuia mtu. Marko, mwenye duka la spea pale Katesh, alimwingiza kijana wake Kelvin. Shamba lile lina korongo, na wakati wa kupanda kutoka korongoni wenzake wakishusha gia injini zilipiga kelele na kupoteza nguvu. Ya Kelvin ilipanda kama ngazi yenye vidato vya karibu karibu. Kila mtu alijua Marko ameagiza Arusha seti ya gia zilizokaribiana, na kila mtu alijua bei yake, kwa sababu ni bei ya mtamba mzima. Kelvin alishinda. Mwaka uliofuata akashinda tena. Miaka yote miwili hakuna aliyenyoosha mkono kumdai injini.

Marko hakumtishia mtu. Alisimama tu kwenye mstari wa kumalizia, mikono ameikunja kifuani. Lakini cheni, tairi na plagi za waendeshaji wote zinatoka kwake, na wengi huchukua leo wakalipa wakipata.

Joakimu alikuwa wa pili mara zote mbili.

"Si ungedai?" nilimwuliza mwaka jana.

"Nidai, halafu tairi nikakope wapi? Kwako? Chaki haiendeshi pikipiki, dada."

Sasa niliiangalia ile ngozi ya dume, nikakumbuka jibu hilo. Nikaenda kwa Safari, fundi wa pikipiki pale stendi ya Katesh, nikamwuliza moja kwa moja kama amemfungia Joakimu gia mpya. Alifuta mikono kwa kitambaa cheusi kuliko mikono yenyewe.

"Mwalimu, mimi nilifunga tu. Gia zimetoka kwa Marko. Pesa ametoa wapi, sikuuliza."

Kwa hiyo Joakimu alikuwa amemuuza mtamba wangu akanunua gia zilezile zilizomshinda, kwa mtu yuleyule aliyemshinda.

Siku ya mashindano nilikwenda Basotu nikiwa nimeamua kumkabili baada ya mbio, faraghani, kwa kuwa bado ni damu yangu. Upepo ulikuwa unashuka kutoka mlima Hanang na kuokota makapi ya ngano. Nilisimama karibu na Irene, mke wa Joakimu, mtoto akiwa mgongoni kwake.

"Shikamoo, dada. Pole kwa mtamba."

"Marahaba. Wewe ulimwona huyo fisi?"

Irene akageuza uso kutazama shamba. "Mimi nilikuwa nimelala."

Mbio zilianza, vumbi likawameza. Kila mzunguko Kelvin alitokea mbele na Joakimu alitokea nyuma yake, akiwa amelala juu ya tangi kama anayemnong'oneza. Mzunguko wa mwisho waliingia korongoni pamoja. Tulisikia injini mbili zikipanda kwa sauti moja, bila kukatika, kisha kofia ya Joakimu ikajitokeza kwanza. Alipita mstari amesimama juu ya pedeli, akitukana kwa furaha. Watu hawakumshangilia sana. Hapendwi.

Wa mwisho kumaliza alikuwa Alex, kijana mwingine wa Marko, juu ya pikipiki kuukuu inayotoa moshi wa buluu. Mwaka huu ndio alikuwa ameingizwa kwa mara ya kwanza, na hatukuelewa ni kwa nini mpaka alipozima injini na kunyoosha mkono.

"Nadai!"

Kikatoka kicheko, halafu wakaanza kupiga kelele wote, walewale ambao kwa Kelvin mikono yao ilikuwa mizito. "Toa injini! Toa! Sheria ni sheria!"

Joakimu hakushuka kwenye pikipiki. "Mwaka jana mikono yenu ilikuwa wapi? Mlikuwa mmeikalia?"

"Acha maneno, kaka," Alex akasema. "Leta yako, chukua yangu."

"Hiyo yako hata kuku hawezi kuatamia."

"Ndiyo nimekuletea, uatamie wewe."

Marko alikuwa mahali pake, mikono kifuani. Pesa ya mtamba wangu alikuwa nayo, na sasa gia zilikuwa zinarudi dukani kwake. Hakuvunja sheria yoyote. Ningeweza kusema alikuwa mtu mbaya, ingekuwa rahisi zaidi. Alikuwa mfanyabiashara aliyeisoma sheria vizuri kuliko waliohitaji iwalinde.

Mzee Tomaso akasogea na fimbo yake. "Joakimu. Unabadilisha au hubadilishi?"

"Siwezi."

"Basi wewe si mshindi, na umetudharau."

"Siwezi kwa sababu si zangu. Injini ni yangu, gia si zangu." Akazungusha macho mpaka akaniona, akaninyooshea kidole. "Ni za dada yule, mwalimu. Nilimuuza mtamba wake nikanunua. Mtu habadilishi mali ya mwenzake, si ndivyo mnavyosema? Marko, nenda kamdai yeye."

Hakusema kama anayetubu. Alisema kama mtu anayempiga mbwa jiwe. Alikuwa tayari kujiharibia yeye mwenyewe ili tu zile gia zisirudi kwa Marko.

Sauti ya mwanamke ikatoka nyuma, "Na ngozi je? Si tulikuona umefunga ngozi kwenye pikipiki?"

"Nilinunua."

Hapo hakuna aliyecheka. Kuuza mnyama wa mtu ni wizi, na wezi tunao. Kupeleka ngozi ya uongo ni jambo lingine. Niliona wazee wawili wakimgeuzia mgongo polepole, kama watu wanaogeuka kwa ajili ya upepo.

"Mwalimu," mzee Tomaso akaniambia, "ni kweli hayo?"

Ningekataa, gia zingekwenda kwa Marko, na Joakimu angebaki mtu aliyeonewa na fisi, anayesema maneno ya ajabu kwa hasira. Angebaki na njia ya kurudi. Nilimwangalia nione kama ananiomba. Alikuwa ananiangalia kama anavyomwangalia abiria anayebishania nauli.

"Ni kweli," nikasema. "Na ngozi ilikuwa ya dume."

Sasa wakacheka. Neno hilo la pili halikuwa na lazima. Nililisema kwa sababu nililitaka.

Wakaamua haraka. Gia zitolewe, apewe mwenyewe. Joakimu afutwe, Kelvin aliyemfuata awe mshindi. Safari alitandaza gunia chini, akafungua injini ya Joakimu mbele ya watu wote, oili nyeusi ikanywewa na udongo. Alipokuwa ameshika spana alisema kwa sauti, bila kumtazama mtu:

"Na ya Kelvin niifungue? Mshindi si huyo sasa? Nani anadai?"

Mwendeshaji mmoja aliinama kukaza nati ambayo haikulegea. Mwingine alianza kumtafuta mtu kwenye simu. Joakimu alicheka peke yake, kicheko kirefu kilichomletea kikohozi, na hakuna aliyemnyamazisha.

Nilikabidhiwa gia kwenye beseni la plastiki. Zilikuwa nzuri, lazima niseme, meno yake yanang'aa. Marko alinisogelea kwa heshima.

"Mwalimu, hizo naweza kuzipokea dukani. Tutaelewana bei."

"Zitakaa kwangu."

"Utazifanyia nini?"

"Sitazifanyia kitu. Zitapata kutu."

Aliinua mabega akaenda zake.

Kutoka pale nilikwenda nyumbani kwa Joakimu kwa ajili ya ng'ombe. Njiani nilikuwa nimepanga la kufanya, na nililiona la haki na hata la huruma. Irene alikuwa ametangulia. Alisimama mbele ya zizi, ameshamfunga ng'ombe kamba, mtoto bado mgongoni, watoto wake wakubwa wawili wamesimama kando yake.

"Irene," nikamwambia, "mtamba ndiye aliyeuzwa, mama yake yupo. Huyu nakuachia wewe. Si yeye. Wewe."

Alinigeukia. Sikuwahi kuona chuki safi namna ile kwa mtu aliyeniamkia asubuhi yake.

"Uniachie mimi, halafu yeye awe nani hapa? Nikamue mimi, anywe yeye, na kila kikombe kiwe na maneno yako ndani? Hapana, dada. Mchukue."

"Watoto watakunywa nini?"

"Watoto wana baba. Mwizi, lakini ni baba. Hilo la ngozi ya dume ungelisemea nyumbani."

Akaniwekea kamba mkononi, akawashika watoto, akaingia ndani.

Joakimu alifika akiisukuma pikipiki yake, injini imefunikwa kwa mfuko wa nailoni. Aliiegemeza kwenye ua wa minyaa, akapita karibu yangu bila kunisalimu. Nilimvuta ng'ombe. Akakataa. Nilikuwa na beseni mkono mmoja na kamba mkono mwingine, na ng'ombe amekita miguu, shingo ameinyoosha kuelekea zizini. Nilivuta tena. Nilijua Irene anatazama dirishani, na kwamba hatatoka.

Joakimu, akiwa amenipa mgongo, akapiga mluzi mfupi. Ng'ombe akatembea. Akanipita, akashika njia ya kwenda barabarani kama aliyetumwa.

Nikageuka kusema neno. Joakimu alikuwa anachomoa miti ya mlango wa zizi, mmoja baada ya mwingine, na kuitupa kwenye rundo la kuni.