Wembe Nyuma ya Sikio la Mwende

Siku yangu ya kwanza kazini, katika hospitali moja ya Kitui, sista msimamizi wa thieta, chumba cha upasuaji, alinipa wembe na maji ya sabuni. "Wewe utakuwa wa kunyoa," akasema. "Ukimkata mgonjwa, viini vya ugonjwa vitaingia hapo kabla ya daktari." Nilikuwa nimetoka Kyuso, nimeishia shule ya msingi.

Baadaye nilihamishiwa Nairobi, chini ya Daktari Mkuu wa upasuaji wa kichwa. Alitibu uvimbe unaoota kwenye sakafu ya fuvu, pale ubongo unapokalia. "Mtu wa Kyuso," alinitania, "ubongo si gunia la ndengu uuinue utazame chini. Unatafuta njia." Uvimbe wa katikati, nyuma ya macho, aliufuata kwa kupitia puani, na wembe wangu ukapumzika. Ule wa kando, kwenye neva ya kusikia, aliufuata kwa kutoboa mfupa nyuma ya sikio. Hapo tulinyoa kichwa kizima.

Mke wangu Mwende alipoacha kusikia kwa sikio la kushoto na kuanza kuyumba, picha zilionyesha ni huo wa kando, na ulishaanza kusukuma ubongo. Hakuogopa kisu. Aliogopa wembe. Nyumbani kwao, mwanamke alinyolewa kipara akifiwa na mume.

"Baba Mutua, nikuomboleze na bado unakula?"

"Bila kunyolewa hakuna upasuaji, utakufa wewe."

"Basi nizikwe na nywele zangu."

Nilimpelekea Daktari Mkuu maneno hayo nikidhani atacheka. Alichukua kalamu, akachora mstari nyuma ya sikio langu. "Nyoa upana wa vidole viwili tu. Zingine zisukwe, zisinifikie."

Mwende akakubali, ila ninyoe mimi. Niliweka wembe nyuma ya sikio lake.

"Polepole," akasema. "Bado sijawa mjane."

Sitasema alipona kabisa. Sikio halikusikia tena, na mdomo ulilegea upande mmoja. Lakini alitembea bila kushikwa, akalima, akaimba kanisani kwa nusu ya mdomo. Na tangu siku ile sikumnyoa mgonjwa kichwa kizima kabla ya kuuliza kama kipande kingetosha.

Nilistaafu, tukahamia Matiliku. Mwaka huu moyo wake ulisimama. Tulimzika na nywele zake, nyeupe, zimesukwa.

Kesho yake nilienda kwa kinyozi pale sokoni.

"Mzee, nipunguze kidogo?"

"Hapana," nikamwambia. "Nyoa zote."