Dakika Kumi za Kuwa Serikali

Mimi niliishia darasa la nane, lakini kuongea naweza. Ndio maana nilipata kibarua pale soko ya Kibirichia. Mainjinia walikuwa wanaandika sheria za mtandao, ati laini zikijaa, simu ya polisi ama jeshi ipite kwanza. Walitaka mtu wa kuzunguka na simu ya majaribio akihesabu moja, mbili, tatu. Ukifinya kitufe chekundu, busta, ule mnara wa network, inasukuma simu za raia kando mpaka uachilie.

"Dakika moja tu," injinia aliniambia. "Halafu unaachilia."

Siku ya soko mabroka wa waru, wale wananunua viazi kwa wakulima, walijaa, kila mtu na simu kwa sikio. Nikafinya. Zote zikakatika.

"Halo? Halo? Nani amekula network?"

"Ni mimi. Leo mimi ndio serikali. Pangeni laini!"

"Serikali gani inavaa gambuti imetoboka?"

Watu wakacheka. Na mimi nikiona watu wanacheka, siwezi kuacha. Dakika moja ikakuwa kumi.

Nikaona shosho, nyanya mmoja jirani yetu, anakuja mbio, leso imeanguka mabegani. Mke wa kijana yake alikuwa anajifungua, damu inatoka, na kila akipigia ambulensi simu inakatika.

"Kijana yangu, hebu jaribu na hiyo yako. Yangu imekufa."

Nikatoa kidole kwa kile kitufe. Simu yake ikashika hapo hapo.

"Mungu akubariki," akaniambia. "Umeitengeneza."

Ambulensi ilifika. Mama na mtoto walipona, lakini nesi alisema wangechelewa kidogo tu, ingekuwa maneno mengine.

Jioni injinia akauliza kama raia walipata shida. Alikuwa ashaanza kuandika hapana. Nikamwambia yote, macho kwa viatu. Akafuta, akaandika kwamba simu ya ambulensi isisukumwe na mtu yeyote, hata jeshi. Halafu akanipokonya ile simu.

"Na huyo shosho umemwambia ni wewe ulikata?"

"Nitamwambia."

Jumapili, kabla nimwambie, shosho akasimama kanisani kutoa ushuhuda. Akasema kuna kijana hapa Mungu alimtumia kufungua network.

"Simama wakuone, mwanangu."

Kanisa lote likageuka. Mabroka wawili walikuwa kiti cha nyuma, wananiangalia tu.

Nikasimama. Nikapigiwa makofi. Nikainua mkono.