Mtutu wa Kupulizia Moto

Juzi nilipita kwa mjomba, kule Ruashi, nikaukuta mtutu wa jikoni kwetu juu ya meza yake. Alikuwa ameuvika kitako kipya cha mbao na kuupaka mafuta kama kichwa cha bwana harusi. Rafiki yangu, kinyaa kilinishika papo hapo, maana mdomo wangu unaujua mtutu ule.

Tulikuwa tukipulizia nao moto. Babu alirudi nao kutoka vitani, bomba tupu, na nkambo, ndivyo tulivyomwita bibi, akaufanya chombo cha mbabula, jiko letu la makaa. Makala yakikaidi, mtoto mmoja aliinama, akaweka mdomo penye chuma kilicholowa mate ya wenzake, akapuliza mpaka machozi yakamtoka. Ladha ya kutu ilitufuata hadi kwenye bukari, ugali wetu. Niliichukia kazi ile. Nkambo alitucheka tu: “Bunduki ya bwana yangu ilichoka kuua, sasa iko inapika bukari.”

Mwishoni mwa chuma palipigwa muhuri wa taji dogo, herufi moja chini yake, kisha namba yenye tarakimu tano. Babu alisema askari aliyesahau namba ya bunduki yake alichapwa. Basi hata alipougua, akatusahau majina sisi wajukuu wote, namba ile aliitaja. Tulipokwisha kumzika, nkambo, ambaye hakuona mlango wa shule, alipitisha kidole juu yake kila jioni kabla ya kuwasha moto, akizitaja tarakimu moja moja, nasi tukimfuatisha.

Mjomba, kitindamimba wa babu, ni fundi wa kugonga shaba. Chuma cha kusukumia risasi, kilichokosekana kwenye bomba letu, alikipata Kambove kutoka bunduki nyingine, nacho kina namba tofauti. Mnunuzi wa bunduki za kale anashuka uwanja wa ndege wa Luano Jumamosi.

“Numero zikikosa kufanana, mugeni hatakamata,” alinieleza, akijisifu. “Ile ya zamani nilipiga tupa, nikagonga hii. Iko muzuri.”

Nilipitisha kidole. Taji la kweli limezama, kingo zake zimelainika kwa miaka. Namba ya mjomba inakwaruza, na ndani bado inang’aa. Uongo mtupu, tena juu ya chuma cha baba yake mzazi. Nikamuuliza kama aliiandika mahali ile ya babu kabla ya kuifuta.

“Ya nini? Weye hauiyue?”

Nilifungua mdomo nimtupie usoni. Saba, nne, nne, mbili... nikakwama. Ya tano kidole ndicho kilichokuwa kikinisomea.

Nkambo hayupo, mbabula ilishatupwa. Jioni ile niliwapigia simu wenzangu wote tuliopuliza moto pamoja, na kila mmoja alinipa tarakimu yake ya mwisho, akaapa ndiyo yenyewe, wala hazikufanana. Nao nikawaonea kinyaa, nikianza na mimi mwenyewe. Babu alitusahau sote, lakini namba ile hakuikosea hata siku moja.