Badilisha Mwaka Tu

Kwa miaka kumi na tisa shangazi, mchapaji wa wizarani, alichapa mapendekezo yaleyale ya kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi. Kila mwaka mkurugenzi alimwambia, "Dada, badilisha mwaka tu." Wanaosema maneno matupu hayavunji mfupa hawajaishi bondeni kwetu. Kingo za mto zilijengwa karatasini, sisi tukahamishwa karatasini, mpaka mafuriko yakabomoa nyumba yetu na kumsomba bibi kitandani.

Shangazi alipomaliza matanga, alikuta faili mezani. Akabadilisha mwaka. Kisha, palipoandikwa tangu zamani "watu arobaini walikufa kwa mafuriko," akaandika arobaini na mmoja.

"Nani kakutuma uguse hiyo namba?" mkurugenzi akafoka.

"Arobaini wako wapo palepale, bosi. Huyo mmoja ni mama yangu."