Supu Niliyoionja kwa Ulimi wa Lorraine

Siku ya kwanza kazini Greenbelt, mji ulio jirani na Washington, nilifika kabla mlinzi hajafungua mlango. Ilikuwa baridi ya kuumiza meno, nami nimevaa koti la kuazima na ushungi mweupe uliopigwa pasi vizuri. Mpishi mkuu, ambaye sote tulimwita Shefu, alinitazama kichwani, akanipa wavu wa nywele.

"Sheria ya afya," akasema. "Nywele zote zifunikwe."

"Zangu zimefunikwa tangu utotoni, Shefu."

Akacheka, lakini wavu akaniachia mkononi. Nikauvaa juu ya ushungi, nikafanana na vitunguu vya sokoni. Hivyo ndivyo nilivyoanza kazi katika mkahawa wa jengo moja la ofisi, katikati ya miaka ya tisini. Kazi yenyewe ilikuwa kuosha vyombo.

Upishi sikuufuata Marekani. Wazazi wetu walifariki Tanga nikiwa darasa la sita, na mimi ndiye mkubwa. Niliacha shule nikawa nauza vitumbua asubuhi na maharage mchana, wadogo zangu wakasoma. Baadaye nilimpikia mheshimiwa mmoja aliyekuja kufanya kazi ubalozini Washington, nikaja na familia yake. Muda wake ulipokwisha, yeye akarudi, mimi nikapata kibali cha kubaki. Nikafanya kazi ya usafi katika nyumba ya wazee Takoma Park, chini ya muuguzi msimamizi aliyeamini kwamba Mwafrika hajui kutumia lifti. Greenbelt ilikuwa kituo changu cha tatu, na ndiko nilikokaa hadi nilipostaafu.

Ninyi vijana mnaopika sasa kwa mashine zenye saa, niwaeleze jiko la wakati ule lilivyokuwa. Supu ilianza jana yake. Mifupa, karoti na majani ya figili vilichemshwa taratibu hadi vikatoa mchuzi wa msingi, ambao ndio unaozaa supu zote. Asubuhi ulipunguza moto, ukaengua povu, ukatia nafaka. Chakula kikishaiva kilipitishwa kwenye dirisha la kupakulia, yaani uwazi mpana ukutani wenye pazia la bati, kikatua upande wa pili juu ya meza ya mvuke iliyokitunza kikiwa moto. Wateja walipita na trei zao wakituona, nasi tukiwaona. Nililipenda dirisha lile. Mtu akila akafumba macho kidogo, ulijua umepatia.

Mpishi wa supu alikuwa Lorraine, Mmarekani mweusi aliyenizidi umri, mwenye mabega mapana na kijiko cha kuonjea mfukoni mwa aproni. Ujanani alijifunza Kiswahili katika madarasa ya jioni, wakati watu wake walipokuwa wakitafuta majina na lugha za Afrika. Kiswahili chake kilivaa suti na tai.

"Ndugu Mwanaidi," aliniambia wiki ile ya kwanza, "je, waweza kunisaidia kumenya viazi hivi?"

"Naweza, dada. Lakini mimi na wewe tunamenya viazi, hatuhutubii mkutano. Niite shoga."

Alilipenda neno hilo. Tangu siku ile hata Shefu aliitwa shoga, mpaka nilipomwomba Lorraine amwache.

Ni yeye aliyenitoa kwenye masinki akaniweka kwenye sufuria. Shefu alipinga. Supu iliyopendwa kuliko zote pale ilikuwa ya dengu, iliyopikwa pamoja na kifundo cha nguruwe kilichokaushwa kwa moshi.

"Huyu haonji nguruwe," Shefu akasema. "Mpishi asiyeonja ni dereva aliyefumba macho."

"Ataendesha yeye," Lorraine akamjibu, "nitatazama mimi."

Basi tukawa na utaratibu wetu. Kifundo alikitia na kukitoa Lorraine. Mengine yote nilitia mimi, nikipima kwa pua. Dengu zikikosa chumvi, mvuke wake huwa mtamu-mtamu kama uji. Zikikolea, harufu inatulia. Nikiridhika nilimwita, naye alichomoa kijiko, akaonja, akanyamaza kama hakimu. "Shoga, pilipili imejificha." Nikaongeza. Ramadhani ulimi wake ulifanya kazi mchana kutwa, maana hata karoti alinionjea yeye. Njoroge, Mkenya aliyechukua nafasi yangu kwenye vyombo, baba wa watoto wanne waliomjibu Kiingereza kila alipowasemesha Kiswahili, alikuwa akitupigia kelele toka kwenye masinki, mimi akiniita mama kwa lugha ya vijana wa Nairobi: "Mathe! Nyinyi wawili mkiungana mnatoka mpishi mmoja!" Kweli ilikuwa hivyo, na mpishi huyo alikuwa hodari.

Kisha ikaja Agosti ile balozi mbili za Marekani zilipolipuliwa kwa mabomu asubuhi moja, Nairobi na Dar es Salaam. Nilisikia redioni nikijiandaa kwenda kazini. Mdogo wangu Salim alikuwa akifanya kazi Dar. Kadi ya simu ilikwisha bila laini kushika. Nilikwenda kazini hivyohivyo, nikapika. Kesho yake ndipo nikaisikia sauti yake: "Dada, tuko wazima." Niliketi chini sakafuni na simu mkononi.

Jumatatu tuliporudi, wateja walimpita Njoroge akifuta meza, wakamshika bega. "Pole, ndugu zako wako salama?" Kisha walifika dirishani kwangu, wakautazama ushungi, wakasogeza trei zao mbele.

"Mathe, hii ni nini?" Njoroge akaninong'oneza. "Mimi wananipea pole, wewe wanakupea macho. Na bomu imetulipukia sisi wote!"

Katikati ya wiki mteja mmoja, bwana wa tai aliyezoea kuchukua mabakuli mawili, alisimama mbele ya meza ya mvuke akauliza kwa sauti, wote wasikie: "Huyu anayepika, nani anajua anatia nini humo?"

Alasiri Shefu aliniita.

"Sufuria ni yako, Mwanaidi. Sikuondoi. Ila tutashusha lile pazia la bati. Utapika, lakini hawatakuona. Si mimi, unaelewa? Ni wateja."

Kazi ile ndiyo iliyokuwa ikimlisha mdogo wetu wa mwisho, aliyekuwa bado shuleni. Nilijua ningeweza kuipoteza kwa neno moja. Lakini kwetu mpishi anayejificha ndiye anayetiliwa shaka. Bibi yangu hakupata kumkaribisha mgeni bila kutia mkono yeye kwanza kwenye sahani, mgeni aone, ndipo ale kwa amani. Leo nifichwe nyuma ya bati, si ndiyo nakiri kwamba natia sumu?

"Pazia likishuka, Shefu, na mimi nashuka. Nirudishe kwenye vyombo."

Lorraine alikuwa amesikia. Alipangusa kijiko chake, akakilaza juu ya meza ya Shefu.

"Mama yangu alipika katika mkahawa wa Virginia ambamo hakuruhusiwa kuketi," akasema. "Chakula chake kilitoka mlango wa mbele, yeye akitoka wa nyuma. Dirisha la kufungwa nalijua. Tafuta ulimi mwingine."

Siku iliyofuata tulikuwa watatu kwenye masinki, na Njoroge akilalamika kwamba tunamjazia ofisi. Shefu alipika supu mwenyewe, huku akikimbilia nyama, mikate na simu. Ilirudi nusu sufuria. Jioni alikuja mlangoni kwetu, akavua kofia.

"Kesho?" akauliza. Samahani hakusema, si siku ile wala baadaye.

"Kesho nitapika," nikamwambia, "lakini maharage ya kwetu, bila nguruwe. Na pazia liwe juu."

Nikapika maharage kwa nazi ya kopo, kitunguu na pilipili manga, nikayachemsha mpaka yakajipasua yenyewe. Saa ya chakula ilipofika sikubaki dirishani. Nilitoka nje, upande wa wateja, na ushungi wangu na ule wavu juu yake. Nikachota kwa upawa, nikajaza bakuli, nikasimama kando ya meza ya mvuke nikala mbele yao wote. Nililimaliza. Siku ile sikuazima ulimi wa mtu.

Mama mmoja aliyefanya kazi ghorofa ya juu ndiye aliyesogeza bakuli lake. "Kama lako," akasema. Nyuma yake wakafuata wengine. Yule bwana wa tai alichukua mkate akaenda zake, na kwa muda wote aliobaki katika jengo lile hakuionja tena supu yangu. Nawaambieni ilivyokuwa. Si kila mtu anarudi. Lakini pazia la bati halikushushwa, Lorraine akakirudisha kijiko chake mfukoni, na Shefu alipostaafu mafuta ya bawaba za pazia hilo yalikuwa yamekauka kwa kutotumika.

Sasa na mimi nimestaafu, naishi Riverdale Park. Wadogo zangu wote walimaliza shule. Mtu akiniuliza nina elimu gani, namwambia nilisoma jikoni. Nalikumbuka povu la mifupa, nazikumbuka kelele za Njoroge, na ninavikumbuka zaidi kuliko yale macho.

Lorraine anaishi Takoma Park, karibu na kanisa lake. Aliugua, akapona, lakini dawa zilimchukulia ladha yote mdomoni. Hata hivyo kupika hajaacha. Jumapili akitoka ibadani ananipigia simu nije, na nikifika nakuta sufuria iko motoni. Maharage yake hayana nguruwe siku hizi. Hakubadili dini.

"Shoga," ananiambia, akinipa kile kijiko, "mimi sijui kitu. Hebu nitazamie barabara."

Naonja, nanyamaza kama hakimu. Kisha namwambia pilipili imejificha.