Sauti Niliyompa Adui

Mimi niliishia darasa la saba. Kiingereza changu ni cha kusoma majina kwenye mifuko ya mbolea, na hata hapo nabahatisha. Nalisema hili mapema ili mtu asije akashangaa kwamba kwa miaka mitatu nilitafsiri filamu kwenye banda la video la rafiki yangu hapa Izia, mtaa wa Sumbawanga.

Rafiki yangu ni mtu wa Mbeya, alikuja Sumbawanga kwa biashara ya vyombo vya plastiki, akaongeza na banda. Yeye alifika kidato cha pili. Filamu mpya zikija kwenye flashi hazijatafsiriwa, tulikuwa tunakaa pembeni ya televisheni, kila mtu na kipaza sauti chake, tunatafsiri papo hapo. Yeye alichukua sauti ya steringi, yaani shujaa wa filamu. Waliobaki wote wakawa wangu: rafiki wa steringi, mama wa steringi, polisi, na adui.

Sikulalamika. Kwanza banda ni lake. Pili, niliona haraka kwamba steringi hana kazi kubwa. Anaruka, anapiga, anasema maneno mawili. Rafiki wa steringi ndiye mwenye mzigo. Yeye ndiye anayeuliza, "Sasa tufanye nini?" ili steringi apate pa kujibia. Yeye ndiye anayeumizwa ili steringi akasirike. Sijawahi kuona filamu ambayo rafiki wa steringi anaulizwa amekula nini. Na adui naye, tuseme haki, ndiye anayeamka mapema. Filamu nzima ni mipango yake. Asipoamka yeye, steringi atalala mpaka jioni.

Labda ndiyo maana nilimpenda adui kupita kiasi. Sijui. Ninajaribu kutafuta sababu ya kosa langu, na sababu zingine nikiziandika naona zinanipendelea.

Masika fulani ilikuja filamu ya kijana anayepaa. Adui wake alikuwa mzee wa ndevu nyeupe, anayetoa radi kwenye kiganja cha mkono, na nia yake ilikuwa kuzima taa za mji mzima. Alipotokea mara ya kwanza alikohoa kidogo kabla ya kusema. Basi, bila kufikiri, nikamtolea sauti ya mzee mmoja jirani yetu.

Mzee huyo alihamia Izia zamani kutoka kijiji cha Kate. Mke wake alishafariki, anakaa peke yake pale nyumba zinapoishia na mashamba yanapoanza, anachonga mipini ya majembe. Ana tabia yake: kabla ya kusema husafisha koo mara tatu, na kila neno humalizia na "ndivyo ilivyo, mwanangu." Mpini wa jembe langu kauchonga yeye. Sikuwa na kisa naye hata kimoja.

"Nitauzima mji huu," nikasema kwenye kipaza, baada ya koo mara tatu. "Ndivyo ilivyo, mwanangu."

Banda lililipuka kwa vicheko. Mtu mmoja akasimama kwenye benchi. "Huyo ni mzee wa mipini! Jamani, kumbe ana radi!"

Mwingine akajibu, "Ulidhani ile miti anaipasua kwa shoka?"

Wakacheka tena, na mimi nikacheka, nikanogewa. Jumapili iliyofuata wakaiomba filamu ileile. Nadhani tuliirudia mara sita au saba.

Kwingine pengine ingeishia hapo. Mtu anacheka, anakwenda kwake. Lakini hapa kwetu Ufipa radi si jambo la filamu tu; wapo wanaoamini mtu anaweza kuituma. Mtu akisema fulani ana radi, hata akisema kwa utani, wapo wanaocheka kwa mdomo huku sikio likiweka akiba. Mimi ni mzaliwa wa hapa. Rafiki yangu angeweza kujitetea kwamba ni mgeni. Mimi nilijua, nikasahau kwa sababu ya vicheko.

Kabla mvua hazijaisha, radi ikapiga ng'ombe mmoja kwenye malisho, si mbali na nyumba ya mzee. Hakuna aliyemshtaki. Sikusikia hata mtu mmoja akitaja jina lake waziwazi, na sitaki kuwasingizia watu. Ila nilianza kuona majembe yamevunjika mipini watu wanayapeleka mpaka sokoni, mwendo mrefu, wakati mchongaji yupo mtaani.

Niliona, nikajiambia ni mawazo yangu tu.

Ulezi ukakomaa. Huku kwetu mtu mwenye shamba kubwa kuliko nguvu zake hupika pombe ya ulezi, akaita majirani. Watu huja na visu vyao, hukata masuke mpaka shamba liishe, kisha hukaa wakanywa. Usipokwenda kwa mwenzio, lazima uwe na sababu. Na lazima ufanye haraka, maana watu wakishavuna, ng'ombe hufunguliwa kula mabua mashambani, na ng'ombe hajui shamba la nani limechelewa.

Mzee aliita watu siku ya Jumamosi. Mimi siku hiyo nilikuwa na kibarua cha kubeba matofali, kwa hiyo nilipita pale adhuhuri tu. Shamba lake lilikuwa limesimama karibu lote, jekundu, masuke yameinama. Mitungi mitatu ya pombe ilikuwa kivulini imefunikwa. Mzee alikuwa anakata peke yake upande mmoja, na upande wa pili bibi mmoja jirani yake, mgongo umepinda.

"Shikamoo bibi. Wenzenu wako wapi?"

"Marahaba. Wenzetu gani? Tangu asubuhi ni sisi. Wewe unayetembea mjini, hebu niambie, huyu mzee kawafanya nini watu?"

Nilisimama pale nikawaza kwa nini yeye kaja. Kisha nikaelewa: bibi yule hajawahi kukanyaga banda la video.

Jioni nilimwendea rafiki yangu nikamweleza.

"Inabidi tuseme kesho mbele ya watu. Sauti ile ni ya mzee, tulikosea."

"Ukiitaja ndiyo utakuwa umewathibitishia. Acha, itapoa yenyewe."

"Ulezi hausubiri mambo yapoe. Ng'ombe wanafunguliwa wiki hii."

"Lakini ng'ombe yule kapigwa na radi ya mvua tu, mshikaji. Radi hata Mbeya zipo."

"Basi kayaseme hayo kwenye kipaza."

Akanitazama. "Sema wewe. Adui ni wako."

Nilikasirika, lakini alikuwa na haki. Adui alikuwa wangu.

Jumapili baada ya Misa banda lilijaa. Yule mzee wa ndevu alipotokea kwenye kioo, nilimtolea sauti yangu mwenyewe. Kelele zikaanza.

"Leo adui mgonjwa!"

"Weka koo, bwana! Weka ya mipini!"

Nikamwashiria rafiki yangu. Nilidhani atakataa, lakini alichukua rimoti akasimamisha filamu. Adui akaganda pale na mkono juu. Nilisimama.

"Sauti ile niliiba," nikasema. "Ni ya mzee wetu. Mwenye filamu hakuiweka, niliiweka mimi ili mcheke. Jana mzee kaita watu shambani, kaja mtu mmoja."

Kisha mtu kutoka nyuma: "Na ng'ombe je?"

Mwenye ng'ombe alikuwamo humo ndani, ameketi benchi la pili, anaangalia chini.

"Ng'ombe sijui," nikasema. "Mambo ya radi siyajui, nikisema nayajua nitakuwa mwongo. Ninachokijua ni sauti. Kesho asubuhi nakwenda kukata ulezi. Pombe ipo."

"Mahubiri tumeshasikia kanisani! Rudisha filamu!"

Wakacheka. Rafiki yangu akabonyeza, kijana akapaa, na mimi sikujua kama nimesaidia au nimeharibu zaidi.

Jumatatu tulikuwa wachache: bibi, mimi, kina mama wawili, na kijana yule aliyesimama kwenye benchi siku ya kwanza ya filamu. Saa nne akaja rafiki yangu, na viatu vyake vya dukani, ameshika kisu cha jikoni.

"Sasa tufanye nini?" akaniuliza.

Nilitaka kucheka, maana miaka mitatu maneno hayo nilikuwa nayasema mimi. Nikamwonyesha suke linakatwa wapi.

Hatukumaliza siku ile, wala ya pili. Mwenye ng'ombe hakuja. Lakini ng'ombe wake walibaki wamefungwa zizini mpaka Alhamisi, tulipoondoa suke la mwisho.

Siku hiyohiyo, kwenye pombe, nilimweleza mzee yote. Alisafisha koo mara tatu.

"Nilishasikia. Yupo bwana mmoja mjini anasema kama mimi. Huyo mtu wa kwenye filamu anataka nini?"

"Anataka kuzima taa za mji, baba."

"Kwa nini?"

Nilikuwa nimemsemea mtu yule mara zote hizo, maneno nikiyatunga kwa kuangalia mdomo, na sababu yake sikuijua.

"Mtu hazimi taa za wenzake bure," akasema. "Kaangalie, uje uniambie. Ndivyo ilivyo, mwanangu."

Nilimwomba rafiki yangu tuiangalie taratibu, yeye akinifafanulia kile anachokiweza. Kumbe mwanzoni kabisa, pale tulipokuwa tunaruka ili tufike kwenye kupigana, mtoto wa mzee yule wa ndevu alikufa kwa waya wa umeme ulioanguka, na kwenye mazishi alisimama baba peke yake.

Nilikwenda kumwambia. Alikuwa ameketi mlangoni, gogo kati ya miguu.

"Hakuja hata mmoja?"

"Hata mmoja."

Akachonga kidogo, akapuliza vumbi. "Basi walimkosea kwanza. Lakini taa za watu asizime."

Sijui kama aliongea habari za filamu tu. Nilikuwa nimebeba jembe langu, nikamwomba anitilie mpini mpya. Aliugeuzageuza ule wa zamani, kazi ya mikono yake mwenyewe, akaona hauna ufa popote. Akaliweka jembe kando, akaanza kuchagua mti.