Herufi Nne za Kwenda Lodwar

Kosa langu la mwanzo lilikuwa kukariri maneno bila kusoma maana yake. Shule niliiacha mapema, nikajifunza mwenyewe kwa kamusi kuukuu isiyo na jalada, na nilichotafuta humo kilikuwa maneno mafupi tu: nta, ngwe, ushi. Katika mchezo wetu wa kuunda maneno pale kambini Kakuma, neno fupi likikaa kwenye mraba mwekundu wa kuzidisha pointi liliyashinda maneno marefu ya walimu.

Kete zetu zilikuwa vizibo vya soda vilivyoandikwa herufi, ubao ulikuwa katoni. Kwa kuwa kila mmoja alikuja na Kiswahili cha kwao, tulikuwa na kanuni: ukiulizwa maana ya neno lako, uitoe. Ukishindwa, unaliondoa.

Mwaka huo mshindi angeenda Lodwar kucheza na vijana wa huko, na kama ni mkimbizi angepata kibali cha kutoka kambini. Mimi ni Mturkana. Lodwar naenda nikitaka. Mpinzani wangu wa mwisho alikuwa mama Mkongo, mwalimu zamani. Binti yake alikuwa amelazwa Lodwar, na maombi yake ya kibali hayakuwa yamejibiwa. Alituambia hayo huku akipanga vizibo. Nilisikia vizuri.

Alinizidi pointi nne. Nikaweka USHI kwenye mraba mwekundu, vizibo vyangu vya mwisho.

"Hiyo njo nini?" akauliza.

Sikujua. "Samaki mdogo wa ziwani kwetu."

Kijana Msudani aliyeandika pointi akacheka. "Bwana Kamusi, wewe hata mbuzi yako inakula kamusi. Hiyo samaki umeiona?"

"Nimemla." Kamusi ilikuwa mapajani, nimeikandamiza kwa viwiko.

Mama akanitazama. "Samaki ya kwenu miye sijue, mtoto wangu. Andika."

Nikashinda. Siku ya safari mama alinipa kitenge nimpelekee binti. Nilimkuta wodini ameketi kitandani. Alikinusa kile kitenge, akauliza, "Mama anakuja lini?"

"Karibuni," nikasema. Uongo wa pili.

Nilipofika nilikolala, nyumba ya wageni ya Nawoitorong, nilifungua kamusi. Ushi ni zile nywele za juu ya jicho. Neno lilikuwa halali. Mimi ndiye nisiyekuwa halali.

Niliandika maneno ya kuomba radhi mara tatu, nikayafuta, nikayakariri. Nikarudi Kakuma nikamweleza mama yote. Alikuwa anachagua maharagwe, hakuinua kichwa.

"Ulimukuta amekaa ama amelala?"

"Amekaa."

"Alikuwa anakula?"

Sikuwa nimeangalia. Nilikaa naye dakika chache tu, nikakimbilia mchezo, na huko pia nikashindwa.

Kibali cha mama kilitoka baada ya binti kurudishwa kambini.

Siku hizi nikiulizwa maana nisiyoijua, nasema sijui, na neno naliondoa mwenyewe.